Kompyuta Haiponi kwa Makofi

Nyumbani kwetu kompyuta inakaa sebuleni, kwenye meza iliyokuwa ya kupigia pasi. Pasi ndiyo iliyohama. Sasa tunanyoosha nguo kitandani, wala hakuna anayelalamika. Kompyuta ile ni ya binti yetu mkubwa, na binti yetu anasomea kuchora ramani za nyumba.

Chuoni walimwambia hivi: mwisho wa mwaka kila mwanafunzi alete ramani kamili ya nyumba moja, toka msingi hadi paa. Asiyeleta anarudia mwaka. Binti akachora. Miezi ikaenda, anachora tu. Kazi yote ilikuwa ndani ya kompyuta ile, na haikuwa mahali pengine popote. Wazazi wenzangu, hapo ndipo pa kuogopa, na sisi hatukuogopa.

Mume wangu anafundisha udereva. Wanafunzi wake wanamwita Breki, kwa sababu ndilo neno analolipigia kelele kutwa. Kwake yeye kila mashine ni gari. Jokofu likinguruma, anasema gia. Saa ya ukutani ikisimama, anasema mafuta hayafiki.

Mama mkwe wangu tunakaa naye. Kazi yake ni kufuma. Redio yetu ina shati. Jagi lina kofia. Mtungi wa gesi una gauni zuri kuliko langu la kutokea. Kompyuta nayo ikafumiwa nguo ya sufu nzito, ya zambarau, yenye maua.

"Kitu cha thamani husitiriwa," alisema.

Na mimi? Mimi niliiogopa. Nikifagia sebule, nikifika pale mezani nazunguka kwa mbali, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa.

Shida ilianza kidogo kidogo. Binti anachora, mara pu! Kompyuta imezima yenyewe.

"Imechoka," akasema mama mkwe.

"Imechemka," akasema Breki. "Injini ikichemka unaiacha ipoe. Kisha unawasha."

Kumbe mume wangu alisema kweli. Lakini kweli yake iliishia mdomoni. Hakuna aliyeuliza inachemka kwa sababu gani. Ikaachwa ikapoa, ikawashwa. Ikazima. Ikawashwa tena. Tukazoea, kama watu wanavyozoea mlango unaolia.

Wiki ya kupeleka kazi chuoni ikafika. Asubuhi moja nilikuwa jikoni nikasikia binti amepiga ukelele. Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Skrini ilikuwa nyeusi. Juu yake kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi meupe. Ndani ya kompyuta kulikuwa na sauti: ka, ka, ka. Kama mtu anagonga msumari kwa kijiko.

"Inasema haioni diski," binti akasema. "Mama, diski ndiyo inayotunza kazi. Ramani yangu!"

"Zima uwashe," Breki akasema.

Akazima, akawasha. Ka, ka, ka.

"Zima uwashe tena. Ya tatu huwa inashika."

Nikaona hapa tutazika. Nikatoka na mwiko wangu vilevile hadi nyumba ya pili, kwa jirani yetu fundi wa kompyuta. Mtaa mzima unamwita Bisibisi. Ni mwanamke mwenye sauti ya kengele ya shule, na bisibisi yake huichomeka kwenye nywele kama wenzake wanavyochomeka kitana. Hana haya kujisifu. Nilipomweleza alisema, "Una bahati, umekuja kwa bingwa." Tukaenda.

Alipoingia, mume wangu alikuwa ananyoosha kidole kuwasha tena.

"Wee shemeji! Toa mkono!" Bisibisi akachomoa waya ukutani. "Mgonjwa ameanguka, wewe unamwambia akimbie?"

"Nilikuwa naijaribu tu."

"Unaimalizia." Akavuta kiti, akakaa. Hakufungua kitu. "Haya. Kabla sijaigusa, kila mmoja aseme ameifanya nini kompyuta hii."

Breki akatazama dari. Mama mkwe akahesabu mishono ya kitambaa chake.

"Hakuna aliyeigusa," Breki akasema. "Sisi ni watu wa heshima."

"Heshima haitengenezi diski. Sikilizeni. Mimi si polisi. Daktari asipoambiwa ulichokula, atakupasua tumbo bure. Nguo hii ya zambarau ni ya nani?"

"Yangu," mama mkwe akasema. "Si nimeivisha tu, mwanangu?"

"Hata ikiwa inafanya kazi?"

"Hasa ikiwa inafanya kazi. Nilisikia inatoa upepo wa moto mgongoni. Nikasema hii ina homa. Nikaifunika vizuri itoke jasho."

Bisibisi alifumba macho kidogo. Akayafumbua. "Asante, Mama, kwa kusema ukweli. Shemeji?"

"Mimi niliigonga kidogo," Breki akasema.

"Kidogo vipi?"

"Kofi la ubavuni. Kama dashibodi ikikwama."

"Ikiwa imezimwa au inawaka?"

"Inawaka. Ikizimwa itasikiaje?"

"Kofi moja?"

"Moja la kwanza," Breki akasema, na sauti yake ikashuka.

"Nawe, mama mwenye nyumba?"

Mimi nikasimama kifua mbele. "Mimi siigusi kabisa. Hata vumbi lake nalifuta kwa macho."

Bisibisi akapitisha kidole nyuma ya kompyuta, akanionyesha. Kidole kilikuwa kimevaa soksi ya kijivu. "Basi macho yako yana uvivu, dada."

Akamgeukia binti. Mama mkwe akaingilia kati haraka. "Huyo muache. Huyo amesoma. Yeye ndiye anayeijua."

"Ndiyo maana namuuliza. Binti, kabla ya leo, iliwahi kukuandikia jambo lolote?"

Binti akainamisha kichwa. "Kulikuwa na maandishi kila nikiwasha."

"Yanasema nini?"

"Kwamba diski ina hitilafu. Yananitaka ninakili kazi zangu mahali pengine."

"Ukafanyaje?"

"Nikabonyeza 'endelea'. Nilikuwa na haraka ya kuchora. Baadaye hata sikuyasoma."

Nilikaa chini bila kutafuta kiti. Breki ndiye aliyeruka. "Taa nyekundu hiyo! Taa nyekundu ya oili! Wanafunzi wangu nawaambia kila siku, taa nyekundu ikiwaka unasimama!"

"Na anayelipiga gari kofi, unamwambiaje?" Bisibisi akauliza.

Breki akakaa.

Basi Bisibisi akaanza kazi. Waya wa umeme ulikuwa tayari umechomolewa. Akashika chuma cha kasha la kompyuta kwanza. "Mwili una umeme kidogo," akasema. "Huusikii wewe, lakini vipande vya ndani vinausikia. Shika chuma, uutoe." Akafungua ubavu wa kasha. Ndani kulilala bumba la vumbi, nene, kama paka amejikunja. Chini ya paka huyo ndipo ilipokuwa feni.

"Hii feni inapoza kompyuta," akasema. "Vumbi limeishika miguu, na nguo ya sufu imeziba tundu la hewa. Joto likizidi, kompyuta inajizima yenyewe isiungue. Ilikuwa inajiokoa, nyinyi mnairudisha motoni."

"Kwa hiyo huo ndio ugonjwa!" Breki akasema. "Nilisema imechemka!"

"Ulisema. Lakini joto linaeleza kuzima. Halielezi kwa nini haioni diski. Usishike jibu la kwanza ukakimbia nalo."

Akasafisha feni kwa brashi laini na kavu. Hakutia maji. Kisha akarudisha umeme, akapima. Bado skrini ilisema haioni diski. Akachomoa umeme tena. Binti akamuuliza kwa nini asibadilishe vitu vyote mara moja, muda unakwenda.

"Kitu kimoja, kisha unapima," Bisibisi akasema. "Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, ikipona hujui dawa ni ipi. Ikifa hujui sumu ni ipi."

Akagusa kebo inayounganisha diski. Ilikuwa inachezacheza kama jino la mtoto. Akamtazama Breki. Breki akatazama viatu. Bisibisi akaishindilia vizuri, akarudisha umeme, akawasha. Diski ikaonekana!

Tulishangilia. Breki akamvuta binti. "Kaa, mwanangu, uchore! Muda wa kupoteza hatuna!"

"Breki!" Bisibisi akapiga kelele.

Mume wangu akakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia. Ni mazoea ya kazi.

"Sikilizeni hiyo sauti," Bisibisi akasema. Ka, ka. Ilikuwa bado ipo. Akazima. "Ndani ya diski ya namna hii kuna sahani inayozunguka kwa kasi. Juu yake kuna kimkono chembamba kinachosoma, na hakitakiwi kuigusa. Ukipiga kofi inapozunguka, kinaweza kuikwaruza. Diski hii inakata roho. Kila mkiiwasha mnakula uhai wake. Kwanza tunanakili. Kutengeneza baadaye."

Akaitoa diski, akaibeba kwa mikono miwili kama yai. Sote tukamfuata kwake. Akaiunganisha kwenye kompyuta yake, akamuuliza binti, "Kipi cha maana kuliko vyote?"

"Ramani."

"Basi picha na nyimbo zisubiri. Anayekufa hutaki akusimulie hadithi za utotoni, unamuuliza ameficha wapi ufunguo."

Tukatazama. Msingi ukapita. Kuta zikapita. Milango, madirisha, vikapita. Mama mkwe alikuwa anahesabu kwa sauti kama mtu anayepokea wageni. Likafika paa. Kompyuta ikasimama. Bisibisi akajaribu tena. Diski ikasema ka, mara moja, kisha ikanyamaza kabisa.

"Imekwenda," akasema.

"Hakuna dawa?" nikauliza.

"Wapo mafundi wa kuokoa vilivyomo kwenye diski zilizokufa. Wana vyumba visivyo na vumbi, na kazi yao ni ndefu. Msiifungue wenyewe hata siku moja."

Binti akafuta machozi. "Nyumba ninayo. Haina paa."

"Nyumba bila paa si nyumba," mama mkwe akasema.

"Afadhali hiyo, Mama," Breki akasema. "Paa bila nyumba ungeliweka wapi?"

Binti akacheka huku analia. Akahamia kwa Bisibisi na kipande cha karatasi alichochorea paa hapo mwanzo, akalichora upya. Kila akimaliza sehemu, ananakili kwenye flashi bila kuambiwa. Alipeleka kazi chuoni siku ya mwisho kabisa, mlango unataka kufungwa. Alifaulu. Hakurudia mwaka.

Wazazi wenzangu, nawaandikia kwa sababu najua mko wengi. Kompyuta ikikuandikia onyo, lisome, na usipolielewa lipige picha kwa simu. Ikizima ovyo, au ikilia, usiiwashe tena na tena. Chomoa, kisha uulizane na wenzako nani amefanya nini, na asiwepo wa kucheka wala wa kugomba, la sivyo hamtaambiwa ukweli. Kazi ya mtoto isikae mahali pamoja tu. Ya binti yetu sasa ipo kwenye diski mpya, kwenye flashi, na nakala nyingine ipo kwa Bisibisi, ambaye anajisifu nayo kwa wateja.

Na msidhani tumekuwa mabingwa. Juzi tu kompyuta iligoma. Skrini nyeusi, halafu milio mifupi mifupi: pi, pi, pi. Mume wangu alikuwa peke yake sebuleni.

"Mama Watoto!" akaita. "Njoo haraka! Uwe shahidi kwamba sijaigusa!"

Nikamkuta ameshachomoa waya. Amekaa kwenye kochi, mikono yote miwili ameikalia.

Nikampigia simu Bisibisi, nikaiweka kwenye spika. Akauliza lile lile la siku zote, nani amefanya nini. Kabla sijajibu mama mkwe akasema kwa nguvu, "Mimi! Niliisukuma nikitafuta sindano yangu, ikagonga ukuta!"

"Safi sana, Mama," Bisibisi akasema kwenye simu. "Kompyuta ikiwaka hujikagua. Ikikosa kitu kabla skrini haijafanya kazi, hulia. Huenda ni kipande cha kumbukumbu kimelegea. Binti ashike chuma, akichomoe, akirudishe mpaka kibane."

Binti akafanya hivyo. Kompyuta ikawaka. Chai niliyokuwa nimebandika ilikuwa haijachemka.

Tukarudi kila mtu kwenye kazi yake. Baadaye nikapita sebuleni, nikamkuta mume wangu bado amekalia mikono.

"Baba Watoto, imeshapona."

"Najua," akasema. "Lakini nikiitoa tu, itataka kuipongeza kwa kofi."