Maoni Juu ya Kifo cha Malkia

Harufu ilianzia kwenye maoni. Kila asubuhi, katika nyumba yao ya Tainan, Po-yen aliweka bakuli la uji kando ya kompyuta na kumsomea mkewe, Li-chuan, yale waliyoandika wasomaji wa riwaya yake ya mapanga na ngome, ambayo alikuwa akiitoa mtandaoni sura baada ya sura. Asubuhi hiyo, ukurasa wa maoni ulipofunguka, pakanuka nywele mbichi, kama za mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Nywele za Li-chuan zilikuwa kavu.

"Msikie huyu," Po-yen alisema akitabasamu. "'Joka lako linachosha, mwandishi, na vita vya darajani ni virefu mno. Lakini Malkia Ilva! Ningekuwa na mke kama yule, nisingetoka nyumbani.'"

"Mwambie aende kazini."

"Na huyu: 'Ukimgusa Malkia, nakufuata huko huko.'"

Li-chuan alicheka kwa meno tu. Alimjua Malkia. Alivyoinamisha shingo kusikiliza, alivyomkosoa mfalme kwa upole hadi mfalme akashukuru: yote hayo, kama mama mkwe alivyomsimulia, yalikuwa ya Hsiu-yun, mke wa kwanza wa Po-yen, aliyekufa kabla Li-chuan hajaijua nyumba hii. Wake wenza wengine hugombana wakayamaliza. Wa kwake alipendwa na maelfu kila siku, na mume akawajibu mmoja mmoja, ahsante, ahsante.

"Muue," alisema siku moja, akiosha mchele.

"Nani?"

"Malkia wako. Unalala na mimi, unaamka naye. Nimechoka, Po-yen. Kama si yeye, basi mimi naondoka."

"Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza. Siwezi bila kumwuliza."

Wakamwuliza adhuhuri, mbele ya kibao chenye jina lake kwenye meza ya ubani. Po-yen alirusha sakafuni vipande viwili vya mbao vya kuulizia wafu, vilivyochongwa kama mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, marehemu amekubali. Vyote vikalala chali: marehemu anacheka. Akarusha tena, vikacheka tena. Mara ya tatu hakuthubutu kutazama; alirusha, akasujudu, paji la uso chini. Ndipo Li-chuan akanyoosha mguu, akakipindua kimoja kwa kidole.

"Tazama," alinong'ona. "Amekubali."

Malkia alikufa katika sura fupi, akitoswa na kijakazi mgeni ndani ya tangi la maji la ngome. Po-yen aliituma, akaenda kulala akiwa na nguo zake. Maoni akayasoma Li-chuan peke yake, mvua ikinyesha nje.

"Muuaji!" "Umekiua kitabu." "Namsomea mama yangu hospitalini. Nimwambie nini?" Alisoma kwa raha, kama anayekula, mpaka akafika kwa msomaji asiye na jina, na hapo ile harufu ya nywele mbichi ikamjia kwa nyuma, karibu na sikio, na tone la maji likamdondokea begani, kisha la pili, naye hakugeuka, kwa sababu macho yake yalikuwa yameganda kwenye maneno yale: "Sikukubali. Ulikipindua kwa kidole cha mguu."

Alishuka ngazi mbio hadi kwa mama mkwe wake, aliyeishi chini, akamweleza yote.

"Shusha sauti," bibi alisema. "Ulipoolewa hapa, ulimpa ubani ukamwita dada?"

"Sikumwita chochote, Mama."

"Ee! Mke wa pili unaingia bila hodi, halafu unafanya ukewenza na maiti! Kamwambie, 'Dada, nimekukosea, pumzika.' Hayo tu. Usiongeze lako."

Li-chuan alipiga magoti, moshi wa ubani ukimwasha macho. "Dada, nimekukosea," alisema. Neno la mwisho lilimkwama. Aliukumbuka uso wa Po-yen wakati wa maoni, mwanga ule ambao yeye hakuwahi kuuwasha, na wivu ukasema badala yake: "Chukua chochote changu unachotaka, mradi anipende kama alivyokupenda wewe."

Akarusha vipande. Amekubali, mara moja. Harufu ikatoweka nyumba nzima.

Asubuhi Po-yen alimkuta amekaa mbele ya kompyuta, yeye ambaye hakuwahi kumaliza hata sura moja. Li-chuan alitaka kumsalimu. Alijisikia akiinamisha shingo, na sauti ya upole, ambayo hakuijua, ikapita kooni mwake kama maji katika mfereji wa watu.

"Sura ya jana imepwaya, mpenzi. Malkia asingepiga kelele vile. Iandike upya, nitakusomea."

Po-yen alimtazama. Rangi ilimtoka, ikarudi. Kisha akapiga magoti, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, na uso wake ukawaka mwanga ule ule. Ndani kabisa, pale alipobaki, Li-chuan alimpigia kelele Po-yen amwite mganga, amwite mama yake, amwite yeyote. Midomo yake ilikuwa ikitabasamu.

Hodi ikagongwa. "Po-yen?" mama yake aliita nje ya mlango, sauti ikitetemeka. "Unazungumza na nani humo?"

Po-yen alinyanyuka, akaufunga mlango kwa komeo taratibu.

"Na mke wangu, Mama."