Sauti ya Bi Nyamizi

Katika Tabora ya miaka hiyo hakuna aliyebeba funguo. Milango, malipo na simu za anga vilitii sauti ya mwenyewe, na mtambo uitwao kitambuzi uliweza kumtofautisha mtu na pacha wake, hata akiwa na mafua. Kwa mambo makubwa mtu alisoma maneno yake ya idhini, orodha ndefu iliyogusa kila sauti ya kinywa chake.

Kwa hiyo simu ilipoita, na Bi Nyamizi, mkunga mstaafu, akamsikia bintiye akihema, hakushuku kitu. Kabula alikuwa fundi katika kituo cha anga, juu kabisa ya dunia.

"Mama, hewa inaniishia! Soma maneno yako ya idhini, wanifungulie hewa ya akiba."

Aliyasoma yote. Simu ikakatika. Akapiga kituoni, Kabula akapokea akitafuna.

"Hewa? Mama, mimi mzima. Wala sijakupigia."

Bi Nyamizi akaketi sakafuni. "Basi nimetapeliwa. Usimwambie mtu, mwanangu. Aibu gani hii, mtu mzima mimi!"

"Ukinyamaza unawasaidia wao. Kilio changu waliigiza tu, lakini kwa maneno yale ya idhini sauti yako wanayo kamili. Mpigie mama mdogo sasa hivi, halafu kitengo cha ulinzi."

Mdogo wake, Wande, alishangaa. "Dada, si ndiyo kwanza umenipigia ukilia? Nilikuwa natafuta miwani niyasome hayo maneno."

"Usisome! Sikuwa mimi!"

Afisa wa ulinzi, Bwana Mihayo, hakumlaumu. Alimweleza kwamba nakala ya sauti yake waliyonayo matapeli haifutiki. Kilichowezekana ni kuifunga sauti yenyewe, mitambo yote iikatae.

"Mlango tutakupa kadi, mama. Tatizo ni simu za anga. Utasikia na kuandika tu. Ukitamka neno, laini inakatika."

"Mpaka lini?"

"Kwa kweli sijui. Wataalamu bado wanatafuta njia."

Kabula alikuwa amebakiza miaka mingi ya kazi huko juu. Bi Nyamizi alimfikiria Wande akitafuta miwani yake.

"Ifungeni," akasema.

Jioni Kabula alipiga. Alisimulia habari za kazi, akacheka, akasoma majibu ambayo mama yake aliyaandika polepole, mkono mmoja ukiuziba mdomo. Mambo yalikwenda vizuri.

"Ila leo nimeungua kidole, mama. Bomba lilikuwa la moto."

"Pole, mwanangu," akasema Bi Nyamizi, na laini ikakatika.