Fundi wa Mwanza

"We kaka! Acha hapo hapo! Unakiua hicho chuma!"

Constantine Mboje aligeuka, waya wa kusugulia sufuria ungali mkononi. Ilikuwa siku ya mnada Bariadi, mwaka 1996, ng'ombe wanatimua vumbi, kaseti zinapiga kelele kila kibanda. Alikuwa ameegesha Mercedes ya mwaka sitini na mbili ya bosi wake, Kristofa, mmoja wa wanunuzi binafsi wa pamba walioingia na soko huria. Alitaka mikanda ya chuma ya ubavuni ing'ae. Mbele yake alisimama dada mrefu, gauni la kitenge, na juu yake koti la bluu la gereji lililomzidi mabega.

"Na wewe ni nani, dada?"

"Wilhelmina, binti wa Ngeleja. Marehemu baba alikuwa fundi wa magari ya ushirika mpaka gereji ilipofungwa. Hiyo si nikeli ya kupaka, ni stenlesi. Ikikwaruzwa inarudi, ila kwa mkono unaojua. Wewe una mkono wa kuosha masufuria!"

Constantine alicheka. "Basi nionyeshe huo mkono unaojua."

Akamnyooshea. Kucha zilikuwa na weusi wa grisi. Constantine aliushika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, naye hakuuvuta.

Kwa majuma matatu kila jioni Constantine alimfuata uani kwao, alikoishi na mama yake. Wilhelmina aliibandua mikanda, akailaza juu ya ubao, akayanyoosha mabonde kwa nyundo ndogo akigonga kwa nyuma. Kisha msasa wa maji, ule mkali kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi. Constantine alimwaga maji na kumtania.

"Pumzika, mpenzi."

"Nikipumzika utasugua wewe?"

"Nitasugua."

"Weee! Bora nife na uchovu."

Siku ya mwisho nyuso zao mbili zilionekana ndani ya chuma. "Tumependeza," Constantine alisema. Wilhelmina akamwegemea begani, akacheka bila sauti.

Jumamosi iliyofuata Kristofa alizindua kiwanda chake cha kuchambulia pamba. Wilhelmina alisuka nywele, akavaa gauni la kijani la kanisani, akaenda. Wageni waliizunguka Mercedes, wengine wakijitazama kwenye mikanda.

"Kazi hii imefanywa wapi?" mgeni mmoja aliuliza.

"Mwanza," Kristofa alijibu, kifua mbele. "Dereva wangu alimpelekea fundi wa huko. Hapa kwetu nani anaweza? Au siyo, Constantine?"

Constantine alimwona Wilhelmina, hatua tano tu kutoka pale.

"Ndiyo, bosi. Mwanza."

Damu ilimpanda Wilhelmina mpaka masikioni. Alitoka bila kuaga mtu. Njia nzima alikuwa akiongea peke yake. Baba yake alitumikia ushirika miaka ishirini na miwili, akaondolewa kwa kupewa mkono wa kwaheri tu. Na sasa yeye, mtu anayempenda amemfuta mbele ya umati, akiwa amesimama pale pale!

Siku ya tatu simu ya dukani kwa Klementina, jirani yao, ililia. Klementina akamwita.

"Willy, mpenzi wangu..."

"Usiniite mpenzi. Unamtafuta fundi wa Mwanza? Umekosea namba."

"Nisikilize. Bosi angejua kazi inafanywa uani na mwanamke, asingekubali. Nikaogopa kufukuzwa."

"Kumbe ulimdanganya tangu mwanzo! Majuma matatu unakunywa chai yangu, nawe unanificha kama ugonjwa!"

"Naomba unisamehe."

"Uongo uliusema mbele ya watu. Msamaha unauleta kwenye simu?" Akakata.

Kesho yake asubuhi uwanja wa kiwanda ulijaa wakulima na magunia yao ya pamba. Kristofa alipokuja kupanda gari, Constantine hakumfungulia mlango.

"Bosi, nilikudanganya," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Hakuna fundi wa Mwanza. Mikanda hii aliifanya Wilhelmina Ngeleja, hapa hapa Bariadi. Siku ya sherehe alikuwepo, nami nikamkana."

Uso wa Kristofa uliiva. "Umenifanya niseme uongo mbele ya wageni wangu?"

"Uongo wa Mwanza ni wangu. Ya kwamba hapa kwetu hakuna anayeweza, hayo uliongeza mwenyewe."

Wakulima waliangua kicheko. Kristofa akanyoosha kiganja. "Funguo!"

Constantine alifika uani kwa miguu, shati limelowa jasho. Wilhelmina alikuwa akinyoosha bampa la Peugeot ya padri. Hakuinuka.

"Umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa."

"Ulilitaja jina langu?"

"Lako na la baba yako."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa koti, akiyachukia. "Bado nina hasira na wewe. Sijui zitaisha lini."

"Nitasubiri. Ila niruhusu niende kwetu Sapiwi, nimwambie baba nimepata mchumba, ni fundi wa vyuma."

"Hapana."

Constantine aliinamisha kichwa.

"Huendi kuniongelea," Wilhelmina alisema. "Tunaenda wote, Jumamosi. Nitamwambia mwenyewe."

"Lakini Willy, kwa mila zetu haifai binti kutangulia ukweni kabla ya posa..."

"Haifai? Kunikana mbele ya mji mzima ndiko kulikofaa?"

Constantine alimtazama, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Jumamosi, basi. Nitakufuata saa moja asubuhi."

"Saa kumi na mbili," Wilhelmina alisema, akamsogezea kigoda aketi.