Maji ya Maua Yaliyonuka Moshi

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, nami nilidharau karibu kila kitu. Nilipoamka nilianza kudharau mkate wa tanuri, mafuta ya zeituni na pilipili ya kusaga ambavyo Bibi Mannubia alinipangia mezani, kwa sababu kwenye simu nilikuwa nimewaona wasichana wa nchi za mbali wakinywa chai ya kijani kimya kimya mbele ya dirisha. Kisha nilidharau redio kuukuu ya Baba. Halafu nilivaa vazi langu la shule, nikapita uani karibu na mdanzi wetu, ule mti wa machungwa machungu, nikaondoka bila kuutazama.

"Emna, umekula?" Bibi aliniuliza kila siku.

"Nimeshiba, Bibi."

"Umeshiba nini? Hewa?"

Sikumjibu, maana mimi nilikuwa msichana wa tafakuri. Kila asubuhi nilifumba macho dakika kumi na kumsikiliza mwanamke wa kwenye simu akinielekeza namna ya kutuliza akili. Alikuwa na sauti laini kupita kiasi, na kila mara aliniambia nivute pumzi, nishushe pumzi. Leo nikimkumbuka nakasirika. Alikuwa akinifundisha kupumua, kazi ambayo nimeifanya vizuri tangu siku niliyozaliwa!

Mwezi wa Machi, kabla ya likizo, mwalimu wetu wa lugha, Mwalimu Hedi, alitangaza shindano la insha la mkoa mzima. Jina lake lilikuwa "Tafakuri Zangu". Kila mwanafunzi angeandika juu ya kinachomtia moyo, kinachomtuliza, mashine za kesho anavyoziona, na raha ndogo ndogo za kila siku. Mshindi wa kila shule angepelekwa Tunis kusoma insha yake redioni. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote duniani. Nilijiona nimekwishakaa mbele ya kipaza sauti, na mji wote wa Nabeul umenyamaza kunisikiliza.

"Wewe utaandika nini?" aliniuliza Skander, mvulana tuliyekaa naye dawati moja.

"Mambo ambayo wewe huwezi kuyaelewa."

"Mimi naandika juu ya roboti zitakazotuoshea vyombo."

"Umewahi kuosha hata kijiko?"

"Ndiyo maana nazitaka," alisema, akaendelea kuandika.

Nilikaa na karatasi siku tatu. Niliandika "Mimi hutiwa moyo na", nikafuta. Niliandika tena, nikafuta tena. Ukweli ni kwamba sikuwa na tafakuri hata moja. Siku ya nne nikaiagiza akili mnemba ya kwenye simu iniandikie. Niliiambia kwamba mimi ni msichana wa Nabeul, bibi yangu hukeneka maua ya mdanzi, yaani huyachemsha na kukinga mvuke wake uwe maji yenye harufu, basi iandike kitu kizuri. Kabla sijameza mate ilikuwa imemaliza kurasa mbili. Niliyanakili maneno yote kwa mwandiko wangu bora, na nilipofika mstari wa mwisho nilikuwa nimeshaamini kwamba yametoka kichwani mwangu.

Siku ya kufunga shule, wenzangu walipotoka, Mwalimu Hedi aliniita mezani kwake. Naye ni mtu wa Nabeul, na mama yake alikeneka maua mpaka uzeeni. Aliisoma insha yangu kwa sauti.

"'Mimi na bibi yangu huketi kando ya kattar tukiwa tumefumba macho, matone yakidondoka na nafsi zetu zikipaa.'" Akainua uso. "Mmefumba macho?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kando ya kattar? Wote wawili?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na maji ya juu anayabadilisha nani? Paka?"

Nilitazama viatu vyangu. Kila mtoto wa Nabeul ameiona kattar: sufuria ya shaba yenye maua na maji jikoni, juu yake kifuniko chenye bakuli la maji baridi, na ubavuni mrija wa kutolea matone. Nilikuwa nikipita kando ya ile ya Bibi kila Machi tangu nijue kutembea. Sikuwahi kuuliza yale maji ya juu yana kazi gani.

"Emna, insha hii imeandikwa na kitu kisichokuwa na pua," alisema Mwalimu Hedi. "Hakina pua, hakina vidole, na wewe umekikopesha jina lako. Sasa sikiliza. Jumatatu ya kurudi shule ndiyo mwisho. Nenda ukakae na kattar ya bibi yako kuanzia tone la kwanza hadi la mwisho, kisha uniandikie ulichokiona. Ukiniletea tena takataka hii, Tunis utaisikia kwenye redio ya jirani."

Alhamisi ya likizo Bi Shelbia alituletea maua. Alikuwa mjane aliyechuma maua katika mashamba ya nje ya mji, juu ya ngazi, kabla jua halijapanda, na mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya miiba ya midanzi hadi viwikoni. Bibi alichukua maua kwake kwa miaka ishirini. Mtaa mzima ulichukua kwake kwa kuwa Bibi Mannubia, mwenye pua kali kuliko wote, alichukua kwake.

Niliposema nitakaa na kattar mwenyewe, Bibi alinigusa paji la uso.

"Una homa?"

"Ni kazi ya shule."

"Aa! Kumbe siku hizi shuleni wanafundisha."

Alinionyesha kila kitu mara moja tu. Moto uwe mdogo. Kidole kiguse maji ya juu mara kwa mara, na yakianza kuwa vuguvugu niyamwage, nitie mengine ya baridi. Yakiachwa yakapata moto, mvuke haupoi ukawa maji, bali unatoroka wote, na maua yanabaki makavu na kuungua. Kisha akajifunga shuka lake jeupe akaenda kumtazama jirani aliyejifungua.

Nilikaa. Tone likadondoka. Likadondoka lingine. Nilitia kidole majini, nikabadilisha maji, nikakaa tena. Baada ya robo saa nilikuwa nimechoka kabisa na kattar, na Nabeul, na maua yake. Hapo likanijia wazo ambalo mpaka leo naliona aibu. Nilifikiri kwamba nikifumba macho pale pale na kutafakari, insha yangu ya kwanza itakuwa kweli, na Mwalimu Hedi hatakuwa na la kusema.

Nikavaa visikizi masikioni. Yule mwanamke wa sauti laini akaanza. "Hakuna pa kwenda," alisema. "Hakuna la kufanya." Mwongo mkubwa! La kufanya lilikuwepo, tena mbele ya pua yangu, likizidi kupata moto. Nami nilivuta pumzi, nikashusha pumzi, nikalala fofofo.

Niliamshwa na harufu. Bakuli la juu lilikuwa likitokota, mrija umekauka, na chini ya sufuria maua yalikuwa meusi. Chupa ya kukingia matone haikufika hata nusu. Niliinusa. Maji ya maua ya Bibi yalinuka moshi kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

Bibi alisimama mlangoni kabla hajaingia, akavuta hewa.

"Nini hiki?"

"Sijui, Bibi. Maji nimebadilisha kila mara." Maneno yalitoka bila kukwama. "Labda ni maua. Labda Bi Shelbia amekuletea ya jana."

Maji yale yalikuwa ya mwaka mzima: ya vitamu vya Idi, ya kahawa ya wageni, ya kupaka mapaji ya uso ya watoto wenye homa. Maua ya mdanzi hayakai zaidi ya majuma matatu, na tulikuwa mwishoni mwa juma la tatu. Aliichukua chupa, akaikumbatia chini ya shuka lake.

"Twende."

"Wapi, Bibi?"

"Kwa Shelbia. Miaka ishirini, leo ananipa maua yaliyolala! Nataka nimsikie kwa masikio yangu."

Tulimkuta mbele ya nyumba yake akipepeta maua juu ya shuka. Wanawake wawili wa mtaani kwetu walikuwa wakingoja na vikapu vyao. Bibi alimpelekea chupa puani bila salamu.

"Mannubia, haya yameungua," alisema Bi Shelbia.

"Mjukuu wangu alikaa hapo hapo. Maji alibadilisha kila mara. Umenipa maua ya jana."

Bi Shelbia alinitazama. Alijua. Mtu aliyeishi na maua miaka yote hiyo hakosi kujua. Nilingoja aniumbue.

"Maua ya jana sijawahi kumpa mtu," alisema polepole. "Lakini siwezi kumwita mjukuu wako mwongo mlangoni kwangu. Ukiona nimekukosea, dada, nisamehe."

Wale wanawake wawili walitazamana. Mmoja akainua kikapu chake kitupu, akageuka kuondoka. Bi Shelbia hakumwita. Alikusanya tu pembe za shuka lake, na nikaiona mikono yake, mkwaruzo juu ya mkwaruzo, mingine ikiwa bado mibichi ya alfajiri ile. Nilijidharau. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimewadharau watu wote isipokuwa aliyestahili.

"Nililala, Bibi," nikasema.

"Sema tena."

"Nililala. Maji sikubadilisha ila mara moja. Nilivaa visikizi, nikafumba macho. Maua yalikuwa mazuri."

"Ulifumba macho kwa nini?"

"Nilikuwa... nilikuwa natafakari."

Yule mwanamke wa kikapu alicheka mpaka akakiweka chini tena. Bibi hakucheka. Aliniambia nirudie kwa sauti kubwa, maana aliyechafuliwa mbele ya watu husafishwa mbele ya watu. Nikarudia, machozi yakinitoka. Ndipo Bibi akambusu Bi Shelbia kichwani, mbele ya wale wanawake, naye hakuwa mtu wa kuombaomba radhi.

"Kesho alfajiri nina miti miwili ya mwisho," alisema Bi Shelbia. "Mlete huyu. Macho yake yawe wazi, miiba haijali mwenye kutafakari."

Nilichuma. Miiba ilinichora mikono yote miwili, na nilipomaliza, kikapu changu hakikufika nusu ya chake. Siku hiyo hiyo nilikaa tena na kattar, safari hii Bibi akiwa kando yangu. Nilibadilisha maji mara tisa. Nilijifunza kwamba matone ya mwanzo hunuka vikali mpaka pua inakuwasha, na ya mwisho hunuka majani. Bibi alikaa saa nzima bila neno, macho kwenye mrija, uso umetulia kabisa. Nikaona hapa sasa kuna siri.

"Bibi, unafikiria nini?"

"Nafikiria maji yamekuwa vuguvugu, na wewe unapiga domo."

Jumatatu nilimpa Mwalimu Hedi ukurasa mmoja, nikamweleza yote, ya akili mnemba na ya Bi Shelbia. Aliusoma mpaka mwisho.

"Sentensi zako zinachechemea," alisema. "Lakini hii ina pua. Nimeipokea na nitaisahihisha. Nafasi ya Tunis, hata hivyo, anaipata Skander. Yeye alileta ya kwake mara ya kwanza."

Iliniuma, wala sitadanganya tena kwa kusema haikuniuma. Siku insha zilipotangazwa kutoka Tunis tulikaa jikoni na redio ya Baba. Skander alisoma juu ya roboti zake za kuosha vyombo, akajikwaa mara mbili, akaendelea. Bibi alitia tone moja la maji ya maua kwenye kahawa yake.

"Huyu mtoto hajawahi kuona rangi ya sifongo," alisema. "Lakini uvivu wake ni wake mwenyewe, na ameusema bila kuficha." Kisha akanigeukia. "Sikia, Emna. Mashine ikuoshee vyombo, ikubebee mizigo, sina ugomvi nayo. Ila ikikutazamia, ikikunusia, na ikikusemea, wewe unabaki kuwa nini? Kiti? Fanya kazi yako mwenyewe ukiwa macho. Ukikosea, sema umekosea, siku hiyo hiyo. Maana uongo wako haukukugusa wewe. Ulimgusa Shelbia, ambaye hakuwepo wala hakukukosea kitu."

Nilikula mkate wangu na mafuta ya zeituni, na kusema kweli ulikuwa mtamu.

Ile chupa ya maji yaliyoungua Bibi hakuimwaga. Iko rafuni mpaka leo, karibu na ile nzuri. Nikianza kusema jambo nisilolijua, hanikemei. Huitoa kizibo, huiweka mbele ya pua yangu, kisha huendelea kukanda mkate wake.