Mpini wa Pembe

Kama umetoka kunyolewa leo, shika kidevu chako kwanza, ndipo usome.

Kinyozi wa kona ile, waliyemwita Mkono Mwepesi, alikuwa na desturi yake. Wembe mpya aliuvunja katikati mbele ya macho yako, ukiwa bado ndani ya karatasi, kach, kisha nusu akaipachika kwenye mpini, uone mwenyewe kwamba hunyolewi kwa wembe wa mwenzio. Asubuhi moja akavunja, akafunua karatasi, nusu ikatoka na povu bichi, na mvi zimeganda kwenye makali.

Akatupa, akavunja mwingine. Povu.

Fundi viatu akainuka kitini na ndevu upande mmoja. "Ndugu yangu, mimi hata kijiko sichangii na mke wangu."

Mpini ule ulikuwa mgeni, kinyozi ameununua juzi tu. Kwa muuza mitumba kulikuwa na wa plastiki, akauona mwepesi mno. Wa chuma, akasema utateleza ukiingia sabuni. Akachagua wa pembe, wa kale, mzito, uliokaa kiganjani kama umezaliwa humo.

"Ulikuwa wa nani?" mkewe alimuuliza.

"Wa nani, wa nini? Si wembe nabadilisha?"

Vinyozi ndivyo walivyo. Wembe wanauogopa, mpini wanauamini.

Akabadilisha nyembe za kila aina. Bado kila aliyekaa kitini aliondoka na mkato mdogo chini ya kidevu, mahali palepale, na harufu ya sabuni ambayo dukani haikuwepo. Jioni akamnong'oneza mkewe, "Mama watoto, mkono unanivuta. Unataka shingo."

"Na baba?"

Mume akauficha mkono mgongoni. Baba yake, mzee aliyekwisha macho, alilala chumba cha nyuma, na hakukubali kunyolewa na mtu mwingine duniani.

Wakamwita mganga. Akaupasua mpini kwa shoka, akachoma vipande mpaka majivu, akanawa.

"Huyo mwenye mpini ametoka?" mke akauliza.

"Nyumba nimeivunja," mganga akasema, akikusanya vyake upesi kuliko alivyovipanga. "Mwenyewe sikumwona akitoka."

Hata vumbi la mganga halijatulia, vidole vya kinyozi vikaanza kujikunja, kimoja kimoja, vikashika kitu kisichokuwepo. Mkewe akavivuta, havikukunjuka.

"Nifunge," mume akasema taratibu. "Nifunge kabla baba hajaniita."

Akamfunga kwa mtandio, mkono kwenye chaga ya kitanda, akakaza fundo kwa meno, akakaa juu ya mkono ule kwa uzito wake wote, naye si mwembamba, wala habari hiyo si siri mtaani, na wakakaa hivyo, mke na mume, wakiusikiliza mkono ukitulia, ukilegea, ukipoa kama mkono wa mtu aliyemaliza kazi au aliyekwenda kuifanyia kwingine, mpaka harufu ya ile sabuni ikapita mlangoni bila mtu, ikaelekea nyuma, na huko kikasikika kitu kikikwangua polepole, kwa ustadi, kwaa, kwaa, na sauti ya mzee, ya furaha, ikasema:

"Mkono mzito leo, mwanangu. Haya, endelea. Shingo bado."