Hesabu Niliyoifuta

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Kila alfajiri nilimpitia Rahel, jirani yetu wa darasa la saba, twende kisimani kabla ya kuwahi namba za wanaofika mapema shuleni. Baridi ya Ufipa ilitufanya tuzikumbatie ndoo tupu kifuani. Sikuwa na rafiki mwingine.

Mwalimu Oswaldi wa hisabati alikuwa na mtindo wake. Darasa la saba wakishindwa swali, alituma mtu kuniita. Niliingia, nikapewa chaki, nikakokotoa ubaoni. Kisha walioshindwa walinyoosha mikono.

"Mtoto wa la sita ameweza," alisema, na fimbo ikashuka.

Siku moja mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Rahel. Hakulia. Alinitazama tu, nami bado nilikuwa nimeshika chaki.

Kesho yake sikumkuta kwao. Nilimkuta kisimani na mwenzake wa darasani, Cornelia, na wasichana wengine. Cornelia alivuta ndoo yake pembeni.

"Mpisheni mwalimu mdogo," alisema. "Akichelewa, tutachapwa sisi."

"Labda maji nayo anayakokotoa kwanza," mwingine akadakia.

Walicheka. Rahel aliinama akasokota ngata yake.

Tangu hapo nilijiona nimefungiwa katika chumba kisicho na mlango. Nikijibu, wenzangu walichapwa. Nikinyamaza, nilichapwa mimi kwa kiburi. Jaribio la Machi lilipofika, niliandika majibu sahihi, nikayatazama, kisha nikayafuta karibu yote na kuandika ya uongo. Nilipata saba kati ya hamsini. Chini ya karatasi Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Mzazi afike shuleni. Akiendelea hivi atarudia darasa."

Habari za alama zangu zilienea, na siku hiyo Cornelia aliniita kwa jina langu kwa mara ya kwanza. "Bertila, njoo turuke kamba." Niliruka, karatasi nimeikunja kiganjani.

Mama yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa shambani akitengeneza matuta. Kwetu, mvua zikikaribia kwisha, nyasi hukatuliwa pamoja na udongo wake, zikapinduliwa na kufukiwa katika matuta ya mviringo. Huoza humo, na msimu unaofuata matuta husambazwa, ulezi ukapandwa. Nilimpa karatasi. Elimu ya mama ilikuwa ile ya watu wazima tu, lakini aliiinua karatasi kuelekea jua.

"Hapa pamefutwa," alisema. "Na hapa. Kila mahali pamefutwa. Kulikuwa na nini?"

"Majibu, mama."

"Ya kweli?"

"Ndiyo, mama."

Aliweka jembe chini. Nikamweleza yote, mpaka mkono wa Rahel.

Asubuhi tulikwenda shuleni pamoja. Nilimwomba Mwalimu Oswaldi radhi kwa kudanganya. Mama alisubiri nimalize.

"Adhabu yake nitampa mimi, Mwalimu," alisema. "Ila nami naomba jambo moja. Mtoto wangu usimfanye fimbo ya kuwachapia wenzake."

Mwalimu aliiweka chaki mezani.

"Nilidhani nawatia hamu," alisema taratibu.

Alinipa karatasi mpya, nikalifanya jaribio mbele yake. Hakuniita tena darasa la saba. Badala yake, kila Jumatano baada ya masomo, madarasa yetu mawili yalikaa pamoja kukokotoa. Siku ya kwanza nilikaa peke yangu kwenye benchi. Jumatano iliyofuata Rahel akaja.

"Sogea," alisema. "Na usinipe jibu. Nionyeshe njia."

Cornelia alikuja wiki ya tatu, akakaa ncha ya benchi.

Adhabu niliyopewa na mama ilikuwa kufukia nyasi katika matuta ishirini. Nilipomaliza la kumi na moja, mama alikaa kando yangu kupumzika.

"Nyasi ukizifukia, zinalisha ulezi," alisema. "Akili ukiifukia hailishi mtu, si wewe wala Rahel. Kujua si kosa, mwanangu, usiombe msamaha kwa kujua. Kosa ni kuandika uongo ili upendwe. Unachokijua kitoe, lakini kitoe ukiwa umekaa na wenzako, siyo umesimama juu yao."

Aliinuka, akajipangusa udongo magotini, akanipa jembe.

"Haya. Yamebaki tisa."