Kikinga cha Panga la Tuneya

Haya yalimpata mjomba wangu Gershom, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Garsen. Nilikuwepo. Sisimulii ya kuambiwa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, soko limechangamka. Tuneya, mjane wa Golbanti, alifika na panga lililoviringishwa kwenye leso. Mumewe Danson alikuwa baharia kabla ya kufa, na panga hilo alipewa melini na Mfilipino aliyefanya naye kazi. Wenyewe huliita bolo. Mpini wake ulikuwa mweusi, na kati ya mpini na makali hapakuwa na kizuizi chochote.

"Nikifyekea shamba la mpunga, mkono unaishia kwenye makali," Tuneya alisema, akatuonyesha kiganja. Mishono saba. "Shemeji yangu vidole viwili vimekwenda. Niwekee kikinga, fundi."

"Jasho hilo, mama. Mkono unateleza."

Tuneya akashusha sauti. "Hautelezi. Unavutwa."

Mjomba akacheka. Akakata bamba la shaba, akalitoboa tundu katikati. Ili alivishe, ilibidi ang'oe mpini kwanza, basi akaupasha moto mpaka gundi ikayeyuka. Mpini ukatoka. Ndani yake mlikuwa na kifundo cha nywele.

Mpini ulikuwa unafuka moshi. Nywele zilikuwa zimelowa.

"Baba Everline, zirudishe," mkewe Margaret alinong'ona.

Mjomba akazitupa kwenye makaa. Akavisha kikinga, akagongomea mpini, akalishika panga kulijaribu. Akakaza ngumi.

Uso wake ukabadilika.

"Margaret. Nimeshikwa."

Panga likaanza kwenda mbele. Lenyewe. Vidole vya mjomba vikateleza juu ya mpini mpaka vikagonga shaba. Vikakwama hapo. Panga likavuta tena. Nilimkumbatia kiuno, nikasimika visigino mchangani. Tukaburuzwa sote wawili, mchana kweupe, wala mbele yetu hapakuwa na mtu.

Kisha mvuto ukakoma. Shaba ikaanza kubonyea. Taratibu. Kuelekea kwetu.

Tuneya alikuwa amepiga magoti. "Danson," alinong'ona, "mwache. Huyu hajakukosea."

Margaret alinyakua nyundo akaupiga mpini. Ukapasuka, kikinga kikachomoka. Tukaanguka chali, mimi na mjomba. Panga lilibaki hewani kidogo, kisha likaanguka.

Tuneya alilifunga kwenye leso yake akaondoka bila kuaga. Nilimuuliza mumewe alikufaje. Hakugeuka.

Vidole viwili vya mjomba vilivunjika. Vimeunga, lakini nyundo haishiki tena. Kazi nimerithi mimi.

Kikinga tunacho. Nimekipeleka kwa mafundi wawili wakitazame, wakanirudishia upesi. Kwenye shaba mna alama za vidole vinne, vimedidimia kama kwenye unga uliokandwa.

Viko upande wa makali.